Wiki ya Mbunge Mwenye Mashaka na Jumuiya

Simu ya baba mdogo ilinikuta kwenye kimbweta, wiki mbili kabla ya UE, vitini vya semina vimetandazwa mbele yangu. Huwa hapigi ovyo. Akipiga, ujue kuna msiba, kuna ng'ombe kapotea, au kuna jambo la ardhi.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia.

"Mwangaluka. Mwanangu, zile ekari nne za kule nyuma ya mji nataka kuziuza kabla mwezi haujaisha."

Nikamwuliza kulikoni. Akasema dalali amempa habari za uhakika: Somalia imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo iliingia zamani, na sasa kila mtu wa nchi nane ana haki ya kuja Ushirombo kuchukua shamba. Wewe usiye na hati utabaki unatazama. Bora uuze sasa, hata kwa bei ya kutupa, kuliko kunyang'anywa bure kesho. Kisha akaniuliza maswali matatu: "Wewe si unasoma hayo mambo ya siasa? Je, ni kweli? Huko Arusha wanaongea nini? Na sisi tusioitaka hiyo Jumuiya, nani anatusemea?"

Swali la kwanza nililijibu palepale, na nitalirudia chini. La pili nililijibu nusu. La tatu, wadau, lilinishinda. Nilikata simu nikabaki naangalia kimbweta. Mwaka wa tatu wa sayansi ya siasa, na sijui nani anamsemea baba yangu mdogo kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Makala hii ni jibu nililokosa siku ile.

Jumuiya inavyoonekana kutoka Ushirombo

Kwa ambao hamjafika kwetu: Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Zamani tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, tangu 2012 tuko Mkoa wa Geita. Tumekaa juu ya barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama, inapita kwetu, inaenda Runzewe na Lusahunga, halafu inagawanyika kuelekea Rusumo kwa Wanyarwanda na Kabanga kwa Warundi. Mama ana mgahawa mdogo kando ya barabara hiyo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sahani za wali maharage za madereva wa malori. Kwa hiyo kwetu Jumuiya hatuijui kwa bendera wala wimbo. Tunaijua kwa malori. Yakipungua, mama anapunguza kilo za mchele.

Baba mdogo naye ana hoja zake. Kwenye ukanda wetu wa dhahabu watu wameona wageni wengi wakija na karatasi na kuondoka na mali. Ukimwambia "soko la pamoja", yeye anasikia neno "soko" na kujiuliza nini kinauzwa. Na hayuko peke yake. Mwaka 2006 na 2007 serikali ilipowauliza Watanzania kuhusu kuharakisha shirikisho la kisiasa, wengi walijibu kwamba shirikisho si baya, ila haraka hapana. Julai 2025 serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina kumi na tano za biashara, zikiwemo uchimbaji mdogo wa madini na kununua mazao shambani, kijiweni kwetu watu walishangilia, huku Wakenya wakilalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na soko la pamoja. Mashaka yapo, tena ya kweli. Swali ni yanafikaje bungeni.

Ulaya wana jina la watu hawa

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wana wanasiasa ambao kazi yao, waziwazi, ni kuupinga umoja huo wakiwa ndani ya bunge lake. Anayejulikana zaidi ni Nigel Farage wa Uingereza. Aliingia Bunge la Ulaya mwaka 1999 na kukaa humo mpaka nchi yake ilipotoka, tarehe 31 Januari 2020. Zaidi ya miaka 20 analipwa mshahara na chombo anachotaka nchi yake ikihame.

Wiki ya mbunge wa namna hiyo ina utaratibu wake. Kamati na makundi ya vyama hukutana Brussels, Ubelgiji. Mara 12 kwa mwaka bunge zima huhamia Strasbourg, Ufaransa, kwa kikao cha siku nne, na mjadala hutafsiriwa katika lugha rasmi 24. Muda wa kuongea hugawiwa kwa makundi, na kundi ni lazima liwe na wabunge wasiopungua 23 kutoka angalau robo ya nchi wanachama. Hapo ndipo kuna kichekesho: anayepinga ushirikiano wa mataifa analazimika kwanza kushirikiana na mataifa mengine, la sivyo hapati dakika wala fedha za kundi. Oktoba 2014 kundi la Farage lilivunjika kwa sababu mbunge mmoja wa Latvia alijitoa, idadi ya nchi ikapungua. Siku chache baadaye likafufuka baada ya kumpata mbunge mmoja wa Poland. Yaani chama kilichokuwa kimeongoza uchaguzi wa Ulaya nchini Uingereza mwaka huohuo, chenye viti 24, kiliokolewa na mtu mmoja wa nchi nyingine.

Jambo la pili la kushika: Farage aligombea ubunge wa nyumbani kwao mara saba akashindwa, mpaka alipofaulu Julai 2024. Bunge la Ulaya ndilo lililompa kipaza sauti. Kwa nini? Kwa sababu tangu 1979 wabunge wake huchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Mvuvi wa Uingereza aliyechukia sera ya uvuvi ya Ulaya alikuwa na karatasi ya kura mkononi. Kama kura hiyo aliitumia vizuri ni habari nyingine. Wapinzani wa Farage walimlaumu mara nyingi kwamba aliketi kwenye Kamati ya Uvuvi lakini vikao vyake alivikosa sana. Ila kura alikuwa nayo.

Sasa turudi Arusha.

Bunge letu kwa kifupi

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika 7 Julai 2000. Walioanza ni Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi waliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Bunge lenyewe lilizinduliwa Novemba 2001, Spika wa kwanza akiwa Abdulrahman Kinana wa kwetu. Kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa, iwe kubwa kama Kongo au ndogo kama Burundi. Muhula ni miaka mitano, na mtu haruhusiwi kupita mihula miwili. Mawaziri wanaoshughulikia Jumuiya wamo pia kwa nyadhifa zao, pamoja na Katibu Mkuu na Mwanasheria wa Jumuiya, lakini hawa hawapigi kura.

Wale tisa wanapatikanaje? Hapa ndipo swali la baba mdogo linapogonga mwamba. Ibara ya 50 ya Mkataba inasema wanachaguliwa na bunge la kila nchi, si kutoka miongoni mwa wabunge wake, na kwamba kadiri inavyowezekana wawakilishe vyama mbalimbali, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Kwa hiyo wa kwetu huchaguliwa Dodoma. Mgombea anaomba kura kwa wabunge, haji kuomba kura Ushirombo stendi.

Tazama maneno "mitazamo mbalimbali". Kwenye karatasi, mtu anayeitilia shaka Jumuiya ana haki ya kuwakilishwa. Kwa vitendo, anayeteuliwa na chama na kupigiwa kura na wabunge wa chama atabeba msimamo wa chama na serikali. Mwenye mashaka anachujwa kabla hajapanda basi la Arusha.

Lakini tuseme amepita. Tumfuatilie wiki moja. Ni mbunge wa kufikirika, simpi jina wala chama. Mimi nitamwita Mheshimiwa tu. Katoka Kanda ya Ziwa, anawaza kama baba mdogo, na wiki hii Bunge limekaa. Halikai kila wiki. Hukutana kwa vipindi, makao yake ni Arusha, na mara nyingine huhamia miji mikuu ya nchi wanachama.

Jumatatu: anakaa kwenye kiti cha nani?

Mheshimiwa anaingia makao makuu ya Jumuiya. Jengo lilizinduliwa Novemba 2012, na lilijengwa kwa msaada wa Ujerumani. Kwa mtu anayehubiri kujitegemea, hilo ni jambo la kumeza kwanza kabla ya chai.

Baada ya hapo bajeti. Mkataba uliweka utaratibu wa nchi kuchangia sawa, na nchi huchelewesha. Katika miaka ya karibuni shughuli za Bunge zimewahi kusimama kwa sababu fedha hazijaja. Mwenye mashaka ana nafasi nzuri hapa: anaweza kusimama na kuuliza, tena kwa haki, kwa nini tunaongeza nchi wakati zilizopo hazilipi. Hilo swali hata mpenzi wa Jumuiya anapaswa kuliuliza. Kazi ya kwanza ya mwenye mashaka, kokote duniani, ni kuwa mkaguzi asiyeona haya.

Jumanne: kamati, mahali pa kazi halisi

Bunge lina kamati za kudumu sita: Hesabu, Sheria, Kanuni na Haki za Bunge, Kilimo, Utalii na Maliasili, Mawasiliano, Biashara na Uwekezaji, Masuala ya Kikanda na Utatuzi wa Migogoro, na ya Madhumuni ya Jumla. Asubuhi ni kamati, na kikao cha Bunge zima huanza saa 8:30 mchana.

Mheshimiwa wetu yuko kamati ya biashara, na ana bahati, kwa sababu huko ndiko malori ya Ushirombo yanakojadiliwa. Chukua Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Imetungwa na Bunge hili. Inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, nchi zote. Dereva anayelalamika kwenye mgahawa wa mama kwamba mizani imemchelewesha, analalamikia sheria iliyopitia mikononi mwa watu ambao hajawahi kuwasikia majina. Vivyo hivyo kituo cha pamoja cha mpakani pale Rusumo, kilichofunguliwa Aprili 2016 na Marais Magufuli na Kagame. Badala ya lori kukaguliwa upande huu na kukaguliwa tena ng'ambo, linakaguliwa mara moja.

Mwenye mashaka akija kamatini kupinga kila kitu, hasikilizwi. Akija na swali, anasikilizwa: mizani hizi zinapimwa sawa nchi zote, au sisi tunawabana wetu wakati majirani wanawaachia wao? Barabara ikiharibika inatengenezwa na fedha za nani? Hilo ni swali la Ushirombo kabisa, na halihitaji kuipenda Jumuiya.

Tatizo lingine la Jumanne ni lugha. Mkataba uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na kusema Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano ya watu. Baadaye wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa navyo viwe rasmi, lakini mjadala mwingi bado unaenda kwa Kiingereza. Mheshimiwa ana hoja kali kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza inatoka imepoa. Halafu tunashangaa baba mdogo kuamini dalali: dalali anaongea naye kwa lugha anayoielewa, tena kwa Kisukuma.

Jumatano: hoja binafsi na meno ya Bunge

Mbunge yeyote anaweza kuleta hoja au muswada binafsi, mradi usiongeze mzigo kwenye mfuko wa Jumuiya bila utaratibu unaotakiwa. Mheshimiwa analeta hoja: ardhi isiguswe kamwe na makubaliano ya Jumuiya. Anaongea dakika zake, wenzake wa Tanzania wanapiga meza, mbunge wa nchi jirani anamjibu kwamba ndugu hawagawani hofu. Mjadala unachangamka.

Ila kisheria hoja hiyo ilikwishajibiwa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika 1 Julai 2010. Inaruhusu bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji kuvuka mipaka, na inatoa haki ya kuishi na kuanzisha shughuli kwa masharti yaliyopangwa. Kwenye ardhi, Ibara ya 15 inasema matumizi na upatikanaji wake utaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Maneno hayo hayakuangukia pale kwa bahati. Tanzania ndiyo iliyoyashikilia kwenye mazungumzo. Na sheria yetu ya ardhi ya 1999 inasema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa taratibu zake. Msomali, Mkenya au Mkongomani hawezi kushuka kwenye basi Ushirombo na kuchukua ekari nne kwa kuonyesha kitambulisho cha Jumuiya.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza la baba mdogo. Dalali alimdanganya.

Tuseme lakini hoja ya Mheshimiwa ni muswada, na umepita. Bado si sheria. Unakwenda kwa wakuu wa nchi, na kila mmoja ni lazima auridhie. Mmoja akikataa, unarudi. Ukiwasilishwa tena na mmoja akakataa tena, umekufa. Mkutano wa Wakuu wa Nchi nao huamua kwa makubaliano ya wote. Maana yake, mwenye mashaka mkubwa kuliko wote ndani ya Jumuiya hayupo bungeni. Ni rais yeyote anayesema "bado".

Na historia yetu inaonyesha hivyo. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kukutana zenyewe bila Tanzania, jibu halikutoka kwa wabunge wetu tisa. Lilitoka kwa Rais Kikwete, aliyehutubia Bunge la Dodoma Novemba mwaka huo na kusema hatutoki, ila akaeleza kwa nini tunakwenda polepole kwenye ardhi na shirikisho. Mwaka 2016 jirani zetu waliposaini mkataba wa EPA na Umoja wa Ulaya, Tanzania ilikataa, Rais Mkapa mstaafu akiwa ameupinga hadharani kwa maandishi, na Bunge la Dodoma likaunga mkono kukataa. Mashaka yetu yana nguvu sana, lakini yanapitia Ikulu na Dodoma. Arusha yanapita kama mgeni.

Alhamisi: silaha ya kutoka nje

Basi mbunge mwenye mashaka hana nguvu kabisa? Anayo moja, na ni ya ajabu: kutokuwepo.

Kwa mujibu wa Ibara ya 57, akidi ya Bunge ni nusu ya wabunge wa kuchaguliwa, na ndani yake ni lazima iwemo angalau theluthi moja ya wabunge wa kila nchi. Theluthi ya tisa ni watatu. Wabunge saba wa nchi moja wakitoka kunywa kahawa, wanabaki wawili, na akidi haipo, hata kama nchi nyingine zote zimejaa ukumbini. Iliwekwa kulinda nchi ndogo zisiburuzwe. Inaweza pia kutumika kufunga mlango.

Desemba 2017, kwenye kumchagua Spika, wabunge wa Burundi na Tanzania walisusia kikao. Burundi ilidai ni zamu yake. Uchaguzi uliahirishwa, kisha ukafanyika na Martin Ngoga wa Rwanda akashinda, na Burundi ikaenda Mahakama ya Afrika Mashariki kuupinga. Spika aliyefuata, mwaka 2022, alikuwa Joseph Ntakirutimana wa Burundi.

Angalia tofauti na Ulaya. Kule mwenye mashaka hupiga kelele na kuhesabiwa kichwa kimoja kimoja. Hapa hutoka nje na wenzake wa nchi moja, CCM na upinzani bega kwa bega. Bunge hili halina makundi ya vyama yanayovuka mipaka. Lina Watanzania, Wakenya, Waganda. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilifurahi: uzalendo! Baadaye nikajiuliza: mchimbaji mdogo wa Geita na mchimbaji mdogo wa Migori kule Kenya wana shida zinazofanana kuliko mchimbaji huyo na mwenye kampuni wa hapahapa. Ila hakuna benchi bungeni ambapo wawakilishi wao wanakaa pamoja.

Ijumaa: kurudi kwa nani?

Ijumaa mbunge wa kawaida anarudi jimboni, akasikie matusi na maombi ya mabati. Mheshimiwa wetu hana jimbo. Nchi nzima ni yake, kwa hiyo hakuna pa kwenda kwa lazima. Kamati zao huwa zinazunguka kukusanya maoni ya wadau, lakini mikutano hiyo kwa kawaida ni ya hotelini na wanaoalikwa ni wenye barua pepe. Kwenye kijiwe chetu cha bodaboda niliwauliza watu kumi na moja watutajie mbunge mmoja wa Afrika Mashariki. Hakuna aliyeweza. Mmoja alimtaja mtangazaji wa redio.

Hili linaweza kubadilika. Mwaka 2006 wananchi wa Kenya wakiongozwa na Anyang' Nyong'o walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki wakidai kwamba Bunge la Kenya halikuwachagua wabunge wake tisa inavyotakiwa, bali majina yaliletwa tu. Novemba mwaka huo mahakama ilizuia wabunge hao kuapishwa, na Machi 2007 ikaamua kwamba utaratibu ule ulivunja Mkataba. Kenya ikalazimika kurudia uchaguzi. Nchi wanachama zilikasirika mpaka zikaubadili Mkataba kuhusu mahakama yenyewe, lakini funzo lilibaki: neno "kuchaguliwa" lina maana yake, na raia wa kawaida anaweza kulidai.

Basi nani anamsemea?

Nimejaribu kulijibu swali la tatu bila kupaka rangi. Anayemsemea baba mdogo kwa nguvu ni Rais, kwa sababu ana kura ya kuzuia. Wabunge wetu tisa wanamsemea pale tu msimamo wa serikali unapofanana na wake. Yeye mwenyewe, kama Mtanzania mwenye mashaka, hana mahali pa kuyapeleka. Na mashaka yasiyo na mahali pa kwenda hayafi. Yanageuka uvumi, na uvumi una wateja wake. Dalali aliyemtisha baba mdogo hakuwa na haja ya kuijua Itifaki. Ilimtosha kujua kwamba hakuna mtu wa kumsahihisha.

Mimi naipenda Jumuiya. Nimesoma kwa fedha za malori yake. Lakini nimefika mahali naamini wapenzi wa Jumuiya ndio tunaopaswa kudai wenye mashaka wachaguliwe kwa kura za wananchi. Jumuiya ya kwanza ilikuwa na bunge lake pia, na ilivunjika 1977 bila mwananchi yeyote kuulizwa. Mali zake ziligawanywa kwa mazungumzo yaliyokwenda mpaka 1984. Haikuvunjwa na watu waliosimama bungeni na kusema wazi "hatuitaki". Wakubwa waligombana, na wadogo wakasikia redioni. Afadhali mpinzani anayepiga kelele saa 8:30 mchana, maneno yake yakaandikwa kwenye kumbukumbu rasmi, kuliko ukimya halafu mpaka ukafungwa asubuhi.

Kwa sisi wa chuo, kuna kazi ndogo zisizosubiri Mkataba ubadilishwe. Wabunge wa sasa muhula wao unakwisha Desemba 2027, na Bunge la Dodoma litachagua wengine. Kabla ya hapo midahalo yetu iwaite waliopo, na iwaulize kwa Kiswahili. Serikali ya wanafunzi iwaulize pia kuhusu lile eneo la pamoja la elimu ya juu ambalo wakuu wa nchi walilitangaza Mei 2017: shahada zetu zinatambuliwa Kampala na Kigali kwa vitendo, au kwa picha za sherehe tu? Na kila mmoja anayerudi likizo, abebe Ibara ya 15 kichwani. Ni sentensi moja tu.

Nilimpigia baba mdogo jioni yake, nikamsomea hiyo ibara polepole, nikamweleza na sheria ya ardhi. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata.

"Sasa mwanangu," alisema, "ungeniambia wiki iliyopita."

Ekari mbili alikuwa ameshaziuza. Mnunuzi si Msomali, si Mkenya, wala si Mrundi. Ni mtu wa kwetu, na dalali ni shemeji yake. Mbili zilizobaki anafuatilia hati. Na mimi nimeandika barua kwa ofisi ya Bunge la Afrika Mashariki kuuliza lini kamati yoyote itakuja kukusanya maoni Kanda ya Ziwa. Nimeiandika kwa Kiswahili. Wakijibu, nitawaambia hapahapa.